Ubunifu unaozingatia watu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watengenezaji wa programu, wakuu wa idara, watoa huduma na wanafunzi wanaoingia katika fani hii. Baadhi ya majibu ni marefu kwa kuwa jambo lenyewe lina historia na ubishi. Mengine yanamalizwa kwa sentensi chache.

Ubunifu unaozingatia watu ni nini hasa?

Ni namna ya kutengeneza kifaa, programu au huduma kwa kuanza na watu watakaoitumia: ni kina nani, wanataka kumaliza kazi gani, wanaifanyia wapi na katika hali ipi. Ufahamu huo ndio unaoongoza maamuzi, tangu la kwanza hadi la mwisho.

Lipo pia tamko rasmi. Kiwango cha kimataifa ISO 9241-210, kilichotolewa mwaka 2010 na kupitiwa upya mwaka 2019, kinataka watumiaji, kazi zao na mazingira yao vieleweke waziwazi. Watumiaji washirikishwe muda wote wa kubuni na kutengeneza. Kazi ipimwe na kuboreshwa kwa kuwatazama wao. Hatua zirudiwe kadiri inavyohitajika. Uzoefu wote wa mtumiaji uangaliwe. Na timu iwe na watu wa fani mbalimbali.

Katika hayo, lile la kurudia hatua ndilo linaloachwa mapema. Timu huwahoji watu mwanzoni, huandika ripoti nzuri, kisha hujenga kile ilichokuwa imekwisha kukiamua. Ukitaka kujua kama kazi inawazingatia watu kweli, uliza swali moja: ni uamuzi gani tuliubadilisha kwa sababu ya tulichokiona kwa mtumiaji? Wasipoweza kuutaja hata mmoja, basi watu walialikwa kupamba shughuli.

Wazo hili lilianzia wapi?

Mizizi yake ni mingi, lakini mmoja unafaa kusimuliwa kwa kirefu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege za kivita za Marekani aina ya B-17 zilikuwa zikiharibika baada ya kutua salama. Ndege imeshagusa ardhi, rubani anakusudia kurudisha vibawa vya nyuma ya bawa, badala yake anakunja magurudumu, na ndege inalalia tumbo. Taarifa ziliandika kwamba rubani amekosea, na dawa iliyopendekezwa ikawa mafunzo zaidi.

Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipokichunguza chumba cha rubani aliona kwamba swichi ya magurudumu na ile ya vibawa zilifanana na zilikaa pamoja. Rubani aliyechoka, macho yakiwa nje, alikuwa akichagua kwa kupapasa. Suluhisho lilikuwa la bei ndogo: gurudumu dogo la mpira likabandikwa kwenye mshiko mmoja, kipande chenye umbo la bawa kwenye mwingine, mkono ukajua unachokishika. Hadi leo kanuni za usalama wa anga za Marekani zinaelekeza mshiko wa magurudumu uwe na umbo la gurudumu.

Funzo la tukio hilo ndilo moyo wa fani hii yote. Watu wengi wenye ujuzi wakirudia kosa lilelile mahali palepale, kosa limo ndani ya kifaa.

Mzizi mwingine uko Skandinavia, na tutaufikia hapo mbele. Katika kompyuta, John Gould na Clayton Lewis walieleza mwaka 1985 kanuni tatu ambazo hazijachakaa: wazingatie watumiaji na kazi zao mapema, pima kwa majaribio halisi, rudia. Mwaka uliofuata Donald Norman na Stephen Draper walihariri kitabu kilicholipa nguvu jina la ubunifu unaomzingatia mtumiaji.

Je, si ni kuwauliza tu watu wanataka nini?

Hapana, na hapa ndipo wengi hupotea. Mtu akiulizwa anataka nini hujibu kwa vitu anavyovijua tayari, tena hujibu kwa adabu, maana hataki kumvunja moyo aliyemletea kazi yake. Mwulize kama angetumia programu yako, atasema ndiyo. Ndiyo hiyo haimgharimu chochote.

Mwombe badala yake akusimulie mara ya mwisho alipofanya kazi hiyo. Alianzia wapi? Alikwama wapi? Alimwita nani amsaidie? Namba ile aliiandika wapi asije akaisahau? Ukiweza, kaa pembeni umtazame akiifanya, nawe ujizuie kumwonyesha njia. Karatasi iliyobandikwa kando ya skrini, daftari la siri linalotunzwa endapo mfumo utagoma, mfanyakazi mmoja anayeitwa kila mara kwa kuwa yeye pekee ndiye anajua kuifungua fomu fulani: hizo ni alama za mahali mfumo uliposhindwa na watu wakaziba pengo kwa akili zao. Hazionekani katika dodoso, kwa sababu aliyezizoea hazioni tena.

Chukua historia ya M-Pesa. Majaribio yaliyoanza Kenya mwaka 2005 yalilenga kuwawezesha wateja wa taasisi ya mikopo midogo kupokea na kurejesha mikopo kwa simu. Watu waliopewa huduma hiyo wakaigeuza kwa mahitaji yao. Wakatumiana fedha, wakalipiana marejesho, wakaweka pesa kwenye simu kabla ya safari ili wasizibebe mfukoni. Timu ingeweza kuyaita matumizi hayo ukiukaji wa utaratibu. Ilichagua kuyafuata, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 kiini chake kilikuwa mtu kumtumia mtu pesa. Mkopo uliokuwa lengo la mwanzo ukakaa pembeni.

Wala hii haina maana kwamba maneno ya watu hayana thamani. Sikiliza malalamiko kwa makini sana, kisha yachukulie mapendekezo yao ya suluhisho kama dalili. Anayeomba kitufe kikubwa zaidi huenda anakuambia kwamba hakujua ni kitufe kipi abonyeze.

Tunahitaji watu wangapi katika majaribio?

Wachache kuliko unavyodhani, mara nyingi zaidi kuliko unavyopanga. Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha mwaka 1993 kwamba watu watano hivi wanatosha kufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya matumizi, ikiwa kila mmoja hukutana na wastani wa asilimia 31 ya matatizo hayo. Kwa hiyo majaribio matatu ya watu watano watano, na marekebisho katikati, hukupa zaidi kuliko jaribio moja la watu kumi na watano.

Hesabu hiyo ina masharti ambayo hunukuliwa mara chache. Inahusu kutafuta matatizo, haihusu kupima ukubwa wake. Ukitaka kusema ni asilimia ngapi ya watu watashindwa, watano hawatoshi kabisa. Pia inachukulia kwamba watu hao ni wa kundi moja. Wauguzi watano hawatakuambia lolote kuhusu mgonjwa asiyeona.

Kielelezo cha kujaribia, yaani mfano wa awali wa kitu kabla hakijajengwa, kinapaswa kuwa kizuri kiasi gani?

Kibaya kiasi kwamba huoni uchungu kukitupa.

Mfano ninaoupenda ni mfumo wa ujumbe wa sauti ambao John Gould na wenzake wa IBM waliujenga kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Wanariadha, jamaa na marafiki zao walipaswa kuachiana ujumbe, na watumiaji walitoka nchi nyingi zenye lugha tofauti. Kazi haikuanzia kwenye programu. Ilianzia kwenye karatasi: visa vifupi vilivyoeleza mtu anafanya nini hatua kwa hatua, vikasomwa na watu wa kila aina. Maelekezo ya mtumiaji yakaandikwa mapema, wakati bado ilikuwa rahisi kubadili kitu chenyewe, na kila sentensi iliyokuwa ngumu kuandika ikafichua sehemu ya mfumo iliyokuwa ngumu kueleweka. Halafu kielelezo kikawekwa kwenye ujia wa ofisi ili kila apitaye akijaribu na atoe maoni. Mwishoni wakawaalika watu waje kujaribu kuuvunja mfumo.

Ile ya kuandika maelekezo kabla ya kujenga inastahili kuigwa na kila timu. Ni ya bure, na usipoweza kueleza kwa sentensi nne jinsi mtu atakavyoitumia huduma yako, hakuna rangi wala mchoro utakaoiokoa.

Kielelezo kilichong'arishwa sana kina hatari yake. Watu wakikiona wanadhani kazi imekwisha, basi wanasahihisha rangi na herufi. Ukiwawekea karatasi iliyochorwa kwa kalamu wanasema: hapana, sisi hatuanzi na hatua hii.

Je, haya yanahusu skrini tu?

Hayahusu skrini peke yake hata kidogo. Huduma nyingi huharibika katikati ya sehemu mbili ambazo kila moja ni nzuri peke yake. Tovuti inafanya kazi, ofisi inafanya kazi, lakini barua inayomtoa mtu kwenye tovuti kwenda ofisini haisemi aje na nini.

Doug Dietz, mbunifu wa mashine za hospitali za kupiga picha za ndani ya mwili katika kampuni ya GE, alikwenda kuitazama mashine aliyoibuni ikiwa kazini. Akaona mtoto analia kwa hofu kabla ya kuingizwa ndani yake. Kwa wahandisi mashine ile ilikuwa nzuri. Kwa mtoto lilikuwa tundu jeusi lenye kelele, ndani ya chumba chenye alama za hatari. Dietz na wenzake waliviacha viungo vya ndani kama vilivyokuwa. Walipaka rangi mashine na kuta, wakageuza chumba kuwa meli ya maharamia au safari ya anga, na wakawaandikia wahudumu maneno ya kumwambia mtoto, ili kelele na agizo la kutulia viwe sehemu ya hadithi. Mahitaji ya kuwapa watoto dawa za usingizi kabla ya uchunguzi yakapungua. Kilichobuniwa upya pale kilikuwa huduma, na maneno yakiwa sehemu yake kubwa.

Maneno, kwa jumla, hupuuzwa mno katika fani hii. Fomu ni mazungumzo. Inayomlazimisha kila mtu awe na jina la kwanza, la kati na la ukoo imewaambia wenye jina moja kwamba hawapo. Inayouliza jambo ambalo huduma hailihitaji inamfanya mtu ajiulize kwa nini wanataka kulijua. Uingereza ilipokusanya huduma za serikali katika tovuti ya GOV.UK mwaka 2012, kanuni ya kwanza iliyoandikwa ilikuwa kuanza na mahitaji ya watumiaji, na sehemu kubwa ya kazi iliyofuata ilikuwa kufuta: kufuta kurasa, kufuta maswali, kufuta maneno ya kiofisi.

Mtumiaji akikosea, kwa nini lawama isiwe yake?

Wakati mwingine ni yake. Lakini lawama ni njia ya mkato inayotuzuia kuuliza kilichomfanya akosee, na katika baadhi ya fani mkato huo unaua.

Therac-25 ilikuwa mashine ya kutibu saratani kwa mionzi. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada walipigwa kipimo kikubwa mno cha mionzi, na baadhi yao wakafa kutokana nacho. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya umeme na chuma vilivyozuia miale kutoka katika hali ya hatari. Hii ilitegemea programu, na programu ilikuwa na hitilafu iliyojitokeza pale mhudumu mwenye uzoefu aliporekebisha alichoandika kwa kasi. Yaani kadiri mtu alivyoizoea kazi yake, ndivyo alivyokaribia hitilafu.

Tatizo likitokea, skrini ilionyesha maneno haya: MALFUNCTION 54, yaani hitilafu ya 54. Kitabu cha maelekezo hakikueleza maana yake. Na kwa kuwa mashine ilikuwa na desturi ya kutoa jumbe za namna hiyo mara nyingi kwa mambo madogo, wahudumu walizoea kubonyeza herufi P na kuendelea, kwa kuwa ndiyo njia ambayo mfumo wenyewe uliwafundisha. Nani alaumiwe hapo? Mhudumu alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angekifanya mbele ya skrini ile.

Ndiyo maana wabunifu wa mifumo ya hatari hujiuliza maswali ambayo nje ya fani huonekana ya kukatisha tamaa. Mtu akichoka itakuwaje? Akikatizwa katikati? Akibonyeza mara mbili? Ujumbe huu wa onyo utakuwa wa ngapi leo, na bado atausoma? Tarehe 13 Januari 2018, wakazi wa Hawaii walipokea tahadhari ya kombora kwenye simu zao, nayo ilikuwa ya uongo. Ilichukua dakika 38 kabla ya ujumbe wa kusahihisha kufika kwenye simu zilezile, na sababu moja ni kwamba hapakuwa na ujumbe wa kukanusha uliotayarishwa. Kuwezesha kutuma kulibuniwa, kurudi nyuma hakukubuniwa.

Tukibuni kwa ajili ya mtu wa kawaida, si tutawafikia walio wengi?

Huyo mtu wa kawaida ametafutwa hasa, akakosekana. Mwaka 1950 jeshi la anga la Marekani lilipima miili ya marubani zaidi ya elfu nne ili kurekebisha vyumba vya ndege. Luteni Gilbert Daniels alichukua vipimo kumi muhimu vya marubani 4,063, akatafuta ni wangapi walioangukia karibu na wastani katika vyote kumi. Hakupata hata mmoja. Chumba kilichobuniwa kwa wastani kilikuwa hakimfai yeyote. Jibu likawa viti na pedali zinazorekebishika, kitu ambacho leo kila dereva anakiona cha kawaida.

Wastani ukiwa umetokana na kundi moja tu, madhara hayagawanyiki sawasawa. Kwa miongo mingi sanamu za kujaribia ajali za magari zilifuata mwili wa mwanamume. Uchunguzi wa ajali za Marekani uliotolewa mwaka 2011 ulikuta kwamba wanawake madereva waliofunga mkanda walikuwa na uwezekano wa kuumia vibaya uliozidi ule wa wanaume kwa asilimia 47. Desemba 2020, watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni katika damu kilikosa kugundua upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Hakuna aliyekaa akaamua kuwadhuru. Waliokuwa wakipimiwa vifaa vilipokuwa vikitengenezwa hawakuwa mchanganyiko wa wale watakaovihitaji, na hilo lilitosha.

Upande wa pili ni kwamba ukianza na mwenye shida zaidi, wengine hunufaika. Mwaka 1990 Sam Farber alileta sokoni vifaa vya jikoni vya OXO vyenye mishiko minene na laini, baada ya kuona mkewe mwenye ugonjwa wa viungo akiteseka kumenya. Vilinunuliwa na watu wasio na ugonjwa wowote, kwa sababu mkono uliolowa hauna tofauti kubwa na mkono unaouma. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3, yaani mmoja kati ya sita, wanaishi na ulemavu mkubwa. Ongeza aliyevunjika mkono, mzee ambaye macho yamepungua, na aliyembeba mtoto mkono mmoja.

Kwa tovuti na programu, mahali pa kuanzia ni WCAG, miongozo ya kimataifa ya kuwezesha watu wenye ulemavu kutumia tovuti. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1999 na la 2.2 mwaka 2023. Inataka, kwa mfano, mwangaza wa maandishi ya kawaida utofautiane na ule wa rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Lakini kutimiza orodha ni nusu ya kazi. Mlete mtu anayetumia programu ya kusoma skrini, mwache afanye shughuli nzima, usikie anachokisikia yeye.

Kushirikisha watu kuna tofauti gani na kuwafanyia utafiti?

Tofauti ni nani anaamua. Katika utafiti mimi nakutazama, naondoka na daftari langu, uamuzi naufanya mbali na wewe. Katika ushirikishwaji wewe unakaa mezani na una kauli.

Mapema miaka ya 1970 mwanasayansi wa kompyuta Kristen Nygaard alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma wa Norway ili wafanyakazi wenyewe waielewe mifumo ya kompyuta iliyokuwa ikiletwa viwandani na wawe na sauti juu yake. Mwaka 1975 makubaliano ya kitaifa kati ya waajiri na vyama yaliwapa wafanyakazi haki ya kupata taarifa na kushirikishwa katika mifumo hiyo. Kuanzia 1981, mradi wa Skandinavia ulioitwa UTOPIA uliwakutanisha wapiga chapa na wanasayansi wa kompyuta. Wakabuni pamoja vifaa vya kupanga kurasa za magazeti, wakivijenga kwanza kwa mbao na maboksi ya karatasi ngumu. Mpiga chapa asiyejua hata mstari mmoja wa programu aliweza kusogeza boksi na kusema: hapa hapanifai. Ujuzi wake ukapata lugha ya kuingilia mazungumzo.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Harakati za watu wenye ulemavu zilisukuma hoja hiyo mbele zaidi, zikidai kwamba lisiamuliwe lolote juu yao bila wao. Nadhani hapa fani yetu bado ina deni kubwa. Tumekuwa hodari wa kuhoji na kurekodi, lakini ni mara chache tunawalipa watu kwa muda wao na ujuzi wao, na ni mara chache zaidi tunawarudia kuwaonyesha kilichotokana na maneno yao.

Je, njia hii haiui uvumbuzi mkubwa?

Hofu hii hutokana na kudhani kwamba kuzingatia watu ni kutii maombi yao. Anayetazama mahitaji kwa undani ana uhuru mkubwa wa kubuni, maana hafungwi na umbo la kitu kilichopo. Kinachokufa ni uvumbuzi usiomhitaji mtu, na huo ungekufa tu, baada ya kula fedha zaidi.

Watumiaji wakipingana tufanyeje?

Watapingana. Katika mfumo wa hospitali daktari anataka kasi, mhasibu anataka kila kisanduku kijazwe, mgonjwa anataka siri zake zitunzwe. Usitafute wastani wao. Andika mgongano waziwazi, uupeleke kwa wenye dhamana, na uwe na msimamo. Wangu ni kwamba mwenye uzito zaidi ni yule atakayeumia mfumo ukikosea na ambaye hana uwezo wa kuondoka akatafute huduma kwingine.

Akili mnemba inabadilisha nini?

Inabadilisha mahali maamuzi yanapofichwa. Zamani mbunifu aliandika kanuni, leo kanuni inachotwa kutoka kwenye data, na aliyekosekana kwenye data atakosewa na mfumo. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo mitatu ya kibiashara iliyodai kutambua jinsia ya mtu kwa uso. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yalifika hadi asilimia 34.7. Takwimu ya jumla ya usahihi ilikuwa imeuficha mwanya huo, kama wastani wa marubani ulivyoficha kwamba hapakuwa na rubani wa wastani.

Kwa hiyo maswali ni yaleyale, ila yana makali zaidi. Pima kwa makundi, usipime kwa jumla tu. Mwonyeshe mtu kiasi cha uhakika wa jibu analopewa. Mpe njia ya kulikataa, kulisahihisha na kumfikia binadamu mwenye mamlaka ya kubadili uamuzi. Na kabla ya yote, nenda ukatazame kazi yenyewe. Nyingi ya kazi zinazoletewa akili mnemba zilihitaji fomu fupi zaidi.

Kuna mbinu ya zamani inayofaa sana hapa: binadamu anajificha nyuma ya skrini na kujibu kana kwamba ni mashine, ili ionekane watu wangezungumza nayo vipi kabla haijajengwa. Imetumika angalau tangu mapema miaka ya 1980. Baada ya jaribio, washiriki waambiwe ukweli.

Kuwafahamu watu vizuri hakuwezi kutumika kuwalaghai?

Kunaweza, na kunatumika. Kitufe cha kukubali kinang'aa, cha kukataa kimefifia. Kujiunga ni hatua moja, kujitoa ni hatua tisa na simu moja. Mwaka 2010 Harry Brignull alianza kuziorodhesha hila hizi hadharani. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, ambayo ilianza kutumika kikamilifu Februari 2024, inakataza majukwaa ya mtandaoni kubuni violesura, yaani skrini na vitufe vyake, vinavyohadaa watu au kupotosha maamuzi yao.

Kinachoniuma ni kwamba hila hizi hujengwa kwa vifaa vyetu vyenyewe: mahojiano, majaribio, vipimo. Anayefanya kazi hii ana wajibu wa kukataa kwa sauti, na kwa maandishi. Swali la kumwuliza bosi ni hili: je, mtu huyu angefanya uchaguzi huu kama tungemweleza tunachofanya?

Hatuna muda wala fedha. Tuanzie wapi?

Anzia kwenye dawati la wanaopokea malalamiko. Wao wanajua matatizo kumi makubwa kwa kichwa, na mara nyingi hakuna aliyewahi kuwauliza. Kaa nao nusu siku. Kisha watafute watu watano wanaoanza kuitumia huduma, uwape kazi moja halisi, uwatazame bila kusaidia. Rekebisha kinachowakwamisha wote. Rudia mwezi ujao. Waandishi wa programu nao waje watazame. Ripoti ya kurasa arobaini haifanyi kazi ambayo dakika tano za kumwona mtu akihangaika na kitufe ulichokiandika mwenyewe hufanya.

Mshauri wa gharama kubwa anaweza kusubiri.

Tutajuaje kwamba tumefaulu?

Pima kile mtu alichokuja kukifanya: alikimaliza, kwa muda gani, kwa makosa mangapi, na je, alilazimika kupiga simu baadaye kuuliza kama kimepokelewa? Kuna pia dodoso fupi la John Brooke la mwaka 1986, linaloitwa SUS, lenye kauli kumi na alama kuanzia 0 hadi 100. Linafaa kulinganisha toleo moja na jingine, ila alama zake si asilimia, na haziwezi kukuambia kilichoharibika ni nini.

Jihadhari na hesabu ya muda ambao watu wanakaa kwenye huduma. Kwa mchezo huenda ni habari njema. Kwa fomu ya matibabu ni dalili ya mateso.

Tenga pia muda wa kuwatafuta wasiomo kwenye takwimu zako. Wapo walioona ukurasa wa kwanza wakaacha, na hao ukichunguza kumbukumbu utawaona. Wapo ambao hawakufika kabisa kwa sababu huduma ilidai simu, kitambulisho au lugha wasiyokuwa nayo. Na wapo waliompa mtu mwingine nenosiri lao awajazie, ambao kwenye takwimu zako wamehesabiwa miongoni mwa waliofaulu.